Kifo kwa Ombi la Mgonjwa: Nani Anamkagua Daktari?

Nchini Uholanzi, daktari aliyekatisha uhai wa mgonjwa kwa ombi la mgonjwa mwenyewe haruhusiwi kuandika kwenye cheti kwamba mtu huyo amefariki kwa maradhi yake. Anatakiwa kumpigia simu mchunguzi wa maiti wa manispaa. Mchunguzi anafika, anaukagua mwili, anapokea maelezo ya daktari pamoja na ripoti ya daktari wa pili aliyemwona mgonjwa kabla ya siku ile, kisha anavituma vyote kwa kamati ya mapitio ya mkoa. Ofisi ya mwendesha mashtaka nayo hupewa taarifa kabla ya maziko. Baadaye kamati hiyo, yenye mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili, inatoa uamuzi: daktari alifuata masharti, au hakuyafuata.

Ukisoma haraka utadhani hakuna mwanya. Lakini maelezo makuu yameandikwa na yule yule anayekaguliwa, na shahidi wa kwanza, yaani mgonjwa, ameshazikwa. Daktari asipopiga simu, kamati haitajua kwamba kulikuwa na jambo la kukagua. Ugumu wote wa kusimamia kifo cha hiari umo hapo, na hakuna nchi hata moja iliyouondoa kabisa.

Makala haya hayamwamulii msomaji kama jambo hili ni halali mbele ya dini yake. Yanashughulikia swali jingine: nchi ikisharuhusu, inasimamia vipi? Swali hilo linatugusa, maana ndugu zetu wanaugua na kuzeeka Antwerp, Rotterdam, Toronto na Melbourne. Mkongomani aliyelazwa hospitali ya Brussels analindwa na sheria ile ile, na anakabiliwa na mianya ile ile, kama Mbelgiji wa kitanda cha jirani.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mtu anaomba mwenyewe kufa kwa sababu ya ugonjwa au mateso, na daktari anampa dawa ya kumuua kwa sindano (wengi huiita eutanasia au kifo cha huruma) au anamwandikia dawa aimeze kwa mkono wake. Kukataa upasuaji ni jambo jingine. Kuondoa mashine ambayo haimsaidii tena mgonjwa ni jambo jingine. Kumpa mgonjwa wa saratani mofini ya kutosha kutuliza maumivu pia ni jambo jingine, na ni tiba.

Uholanzi haikuanza na bunge, ilianza na mahakama. Mwaka 1973 daktari mmoja alihukumiwa mjini Leeuwarden kwa kumuua mama yake mgonjwa aliyekuwa akiomba kufa. Adhabu yake ilikuwa kifungo cha wiki moja kilichosimamishwa. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali kwamba daktari anaweza kujitetea kuwa alibanwa kati ya wajibu wa kulinda uhai na wajibu wa kuondoa mateso. Tangu hapo madaktari wakawa wanafanya, wengi wao kimya kimya. Uchunguzi wa kitaifa ulipofanywa kuhusu mwaka 1990, ilionekana ni asilimia 18 tu ya vifo vya aina hii vilivyoripotiwa. Vilivyobaki vilizikwa kama vifo vya kawaida. Uchunguzi huo huo ulikuta jambo zito zaidi: wagonjwa wapatao 1,000 katika mwaka huo walikuwa wamekatishwa uhai bila kuomba waziwazi.

Waholanzi wakafanya mapatano, nami nadhani ndiyo moyo wa mfumo wao. Walijiuliza: kwa nini daktari haripoti? Kwa sababu anayepokea ripoti ni mwendesha mashtaka. Hivyo mwaka 1998 waliweka kamati za mapitio katikati, na sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2002 ikasema kwamba kamati ikiridhika, jalada linafungwa hapo hapo bila kufika kwa mwendesha mashtaka. Serikali ililegeza mkono ili ipate kuona. Na ikaona: kiwango cha kuripoti kilipanda hadi asilimia 41 mwaka 1995, 54 mwaka 2001, kisha 80 mwaka 2005. Anayetaka usimamizi wa kweli asiidharau hatua hiyo. Kitisho cha jela peke yake kilizalisha siri.

Ila siri haikwisha. Vile vifo ambavyo havikuripotiwa, watafiti walikuta kwamba mara nyingi daktari mwenyewe hakuviita kifo cha hiari. Alikuwa ameongeza dawa za maumivu au za usingizi, akajiambia anamtuliza mgonjwa, ingawa nia ilikuwa kumaliza. Hapa kamati haina la kufanya, kwa kuwa inakagua tu kile ambacho daktari amekiri kukifanya.

Mwaka 2024 kamati za Uholanzi zilipokea taarifa 9,958, sawa na asilimia 5.8 ya vifo vyote nchini humo. Katika hizo, 6 tu zilionekana kukiuka masharti ya uangalifu. Msomaji atazikuta takwimu kama hizi kila mwaka kwenye habari, na atawasikia watu wa pande mbili wakizitumia kupigana. Wa kwanza wanasema: tazama jinsi madaktari wanavyofuata sheria. Wa pili wanasema: kamati inayokuta makosa 6 katika karibu kesi 10,000 haitazami sawasawa. Takwimu peke yake haiwezi kumpa ushindi yeyote kati yao. Kinachoweza kutusaidia ni kujua kesi ngumu zilishughulikiwaje.

Iliyojulikana zaidi ni ya mwaka 2016. Mwanamke wa miaka 74 mwenye ugonjwa wa kusahau alikuwa ameandika mapema, akiwa na akili zake, kwamba angependa kufa wakati ukifika. Siku ilipofika hakuweza tena kueleza matakwa yake. Daktari alimtilia dawa ya usingizi kwenye kahawa bila kumwambia. Alipotikisika wakati wa sindano, jamaa zake walimshika. Kamati ilisema daktari hakufuata masharti. Akashtakiwa, wa kwanza kushtakiwa tangu sheria ianze, na mwaka 2019 mahakama ya The Hague ikamwachia huru. Mahakama Kuu ikathibitisha mwezi Aprili 2020 kwamba waraka ulioandikwa mapema unaweza kutosha kwa mgonjwa aliyepotewa na uwezo wa kuamua. Basi wakaguzi waliona doa, mahakama ikaliruhusu, na kamati zikalazimika kurekebisha mwongozo wao. Kwa maoni yangu kamati ilikuwa sahihi kusita. Mtu anayetikisika chini ya sindano anastahili shaka yote iliyopo.

Tuvuke mpaka twende Ubelgiji, kwani huko udhaifu wa ukaguzi umepimwa mahakamani hadharani. Sheria ya huko ilipitishwa tarehe 28 Mei 2002. Daktari ana siku nne za kazi kutuma fomu kwa tume moja ya kitaifa yenye wajumbe 16: madaktari 8, wanasheria 4, na 4 kutoka mashirika yanayohudumia wagonjwa wasiopona. Fomu iliwekwa katika sehemu mbili. Sehemu yenye majina ya mgonjwa na madaktari ilifungwa. Tume ilisoma ile isiyo na majina, na ilifungua nyingine pale tu wajumbe walipoona shaka. Kupeleka jalada kwa mwendesha mashtaka kunahitaji theluthi mbili ya kura. Tume ilikaa hadi mwaka 2015, miaka 13, ndipo ikapeleka jalada lake la kwanza.

Kuficha majina kulikuwa na nia njema, kwamba tume ihukumu kitendo, isihukumu mtu. Matokeo yake yalikuja kuonekana katika shauri la Mortier dhidi ya Ubelgiji, lililoamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya tarehe 4 Oktoba 2022. Mama wa mlalamikaji alikuwa ameishi na sonona kwa karibu miaka 40. Mwezi Aprili 2012 alikatishwa uhai kwa ombi lake, na mwanawe akaarifiwa siku iliyofuata. Daktari aliyefanya kazi hiyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti mwenza wa tume ya kukagua. Kwa kuwa majina yalikuwa yamefungwa, hapakuwa na utaratibu wa kumtoa chumbani. Desturi ilikuwa mjumbe anayehusika anyamaze wakati kesi yake ikijadiliwa. Mahakama haikuilaumu sheria yenyewe, wala haikusema kwamba mama yule hakustahili kusikilizwa. Ilisema tume haikuwa huru, na kwamba upelelezi wa jinai ulivutwa mno, na kwa hayo mawili Ubelgiji ilivunja wajibu wake wa kulinda uhai.

Hukumu hiyo ni muhimu kwa kila nchi inayotunga sheria ya namna hii. Wataalamu wa jambo hili ni wachache, na wengi wao ni watetezi wake. Ukiwatafuta wajumbe wa kamati wenye uzoefu, utawapata miongoni mwa watendaji. Kwa hiyo sheria lazima iseme waziwazi nani anatoka chumbani, lini, na nani anaandika kwamba ametoka.

Kuna utafiti mwingine wa Ubelgiji ambao ningependa kila mbunge ausome. Ulichapishwa mwaka 2010 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, na ulitazama vifo vya mwaka 2007 katika eneo la Flanders. Takriban nusu tu ya vifo vya hiari ndivyo vilivyokuwa vimeripotiwa. Katika vilivyoripotiwa, karibu kila mara daktari wa pili alishauriwa. Katika visivyoripotiwa, ni zaidi kidogo ya nusu tu. Na katika sehemu kubwa ya visivyoripotiwa, aliyetoa dawa ni muuguzi peke yake, jambo ambalo halikutokea hata mara moja katika vilivyoripotiwa. Maana yake ni kwamba kesi zinazofika mezani kwa wakaguzi ndizo safi zaidi, na zenye kasoro ndizo zinazobaki nje ya mlango. Tume inaweza kufanya kazi yake kwa uaminifu wote na bado isiione nusu mbaya.

Je, si afadhali kukagua kabla? Nchi kadhaa zimejibu ndiyo. Kolombia, ambako Mahakama ya Katiba iliruhusu jambo hili mwaka 1997 lakini kanuni zikasubiri hadi 2015, iliweka kamati katika kila hospitali: daktari, mwanasheria na mtaalamu wa afya ya akili, wanaoamua kabla. Hispania, ambayo sheria yake ilianza tarehe 25 Juni 2021, inataka daktari na mwanasheria kutoka tume ya eneo wathibitishe ombi kwanza. Jimbo la Victoria nchini Australia, lilipoanza mwezi Juni 2019, lilimtaka daktari apate kibali cha serikali kabla ya dawa kutolewa, baada ya mgonjwa kuomba mara tatu, mara moja kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili.

Ukaguzi wa kabla una gharama yake. Mgonjwa aliyebakiwa na wiki tatu hawezi kungoja kikao, na wapo wanaokufa makaratasi yakiwa bado mezani. Hata hivyo nadhani kuna kundi ambalo gharama hiyo ni halali kabisa kulitoza: watu ambao hawako karibu kufa. Mwenye sonona, mlemavu aliyechoka, mzee anayesumbuliwa na maradhi mengi madogo, hawa wana muda, na kosa likitendeka juu yao linapoteza miaka, si siku. Ubelgiji inawawekea angalau mwezi mmoja wa kusubiri na daktari wa tatu. Ningeongeza kwamba jalada lao lisomwe na jopo huru wakati bado wanaweza kuulizwa swali.

Mianya mingine haiko kwenye makaratasi. Huko Oregon, Marekani, ambako sheria ilianza mwaka 1997, mgonjwa huandikiwa dawa akaimeza mwenyewe nyumbani. Mara nyingi daktari hayupo. Idara ya afya hukusanya fomu na kutoa ripoti kila mwaka, lakini haina mamlaka ya kupeleleza, na nyaraka zenyewe huharibiwa baada ya ripoti kutoka. Tena sehemu ya wanaoandikiwa dawa hawaimezi kamwe. Dawa inayobaki iko wapi? Queensland, Australia, ilipata jibu la uchungu mwaka 2023: mwanamke alifia hospitali kabla ya kutumia dawa yake, na mumewe, aliyekuwa na jukumu la kuirudisha, akaimeza yeye, akafa. Mchunguzi wa vifo alilaumu sheria iliyomwachia mtu aliyefiwa dawa ya kuua ndani ya nyumba yake.

Na kuna suala la nani aanzishe mazungumzo. Sheria ya Victoria ya mwanzo ilimkataza daktari kulitaja jambo hili kabla mgonjwa hajalitaja. Kanada haikuweka katazo kama hilo, na mwaka 2022 ikathibitika kwamba mtumishi wa idara inayohudumia wanajeshi wastaafu alimtajia mstaafu mmoja kifo cha kusaidiwa ingawa hakukiomba. Hakuna fomu inayonasa tukio la aina hiyo. Ombi litakuja kuandikwa baadaye, lina sahihi, lina tarehe, na kamati italiona la hiari.

Kwa hiyo unaposikia nchi fulani imepitisha sheria yenye masharti makali, usiishie kwenye masharti. Uliza nani anapokea ripoti na kama ana uhusiano na wanaoripoti. Uliza kama anaweza kufika nyumbani, kuhoji muuguzi na familia, na kufungua kumbukumbu za hospitali, au anasoma fomu tu. Uliza kama kuna utafiti huru unaolinganisha vifo vilivyoripotiwa na vyeti vya vifo vyote, kwa sababu bila ulinganisho huo kiwango cha kuripoti ni imani tu. Muswada uliopitishwa na Baraza la Makabwela la Uingereza mwezi Juni 2025, kwa kura 314 dhidi ya 291, ni mahali pazuri pa kuyajaribu maswali haya: ulianza ukimtaka jaji aidhinishe kila ombi, ukabadilishwa kuwa jopo la mwanasheria, daktari wa akili na ofisa ustawi wa jamii. Wengine waliona ni kulegeza. Mimi naona jopo litakalomhoji mgonjwa ana kwa ana lina thamani zaidi kuliko jaji atakayesoma jalada, mradi wajumbe wapewe muda na mamlaka ya kukataa.

Kwetu Afrika Mashariki mlango umefungwa. Kenya na Tanzania zinamwadhibu anayemsaidia mtu kujiua, na sheria zao za jinai zinamhesabu aliyeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa amesababisha kifo hicho, hata kama ugonjwa ungemuua. Ombi la mgonjwa halimwokoi daktari wala ndugu. Lakini hakuna sheria kati ya hizo inayomlazimisha mgonjwa kufa kwa maumivu. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilionyesha kwamba mofini ya maji, ya bei nafuu, inaweza kumfikia mgonjwa kijijini, na tangu 2004 wauguzi wa Uganda waliofunzwa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, wanaruhusiwa kuiandika. Nairobi Hospice na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, nazo hutoa huduma hiyo. Ukimsikia mgonjwa wako akisema bora nife, muulize kwanza anaumwa wapi na kwa nini anasema hivyo, usimwache peke yake, kisha mpeleke kwa watu hawa au kwa mtaalamu wa afya ya akili. Ubelgiji wenyewe, mwaka ule ule wa 2002, walipitisha pia sheria ya tiba shufaa na ya haki za mgonjwa, wakijua kwamba anayeomba kufa kwa kukosa dawa ya maumivu hajachagua.

Mwenye ndugu katika nchi zinazoruhusu ajue mambo machache. Familia haina kura ya turufu. Ubelgiji, daktari huongea na jamaa pale mgonjwa akitaka. Asipotaka, mnaweza kuarifiwa baada ya kifo. Mgonjwa naye anaweza kuondoa ombi lake wakati wowote, kwa neno la mdomo, na karatasi lazima itolewe kwenye jalada lake. Asiyeweza kuandika anaandikiwa na mtu mzima asiye na faida yoyote katika kifo chake, kwa hiyo mrithi hafai.

Kama mgonjwa anazungumza Kiswahili au Kilingala vizuri zaidi kuliko Kifaransa au Kiholanzi, dai mkalimani wa kazi, si mtoto wake wala shemeji. Ndugu anayetafsiri huongeza na kupunguza, wakati mwingine kwa upendo, wakati mwingine kwa sababu ya deni au nyumba, na daktari wa pili hatajua. Jina la mkalimani na tarehe viandikwe kwenye jalada.

Mkiwa na shaka kabla ya siku kufika, mwandikieni daktari anayeshughulika na ofisi ya malalamiko ya hospitali, mkieleza mlichokiona na lini, na mwombe barua hiyo iwekwe kwenye jalada la mgonjwa, ambako daktari wa pili ataiona. Kama kifo kimeshatokea, ombeni nakala ya kumbukumbu za matibabu mapema. Msingojee uamuzi wa kamati, kwa kuwa kamati haiwajibiki kuwatafuta. Malalamiko ya jinai hupelekwa polisi au kwa mwendesha mashtaka moja kwa moja, na Uholanzi kuna pia mkaguzi wa huduma za afya anayeweza kumfikisha daktari mbele ya baraza la nidhamu.